Mtambo Usiomwona Oboth

Asubuhi ambayo Elphas aliteremka kutoka kwenye basi la Busia na sanduku lake la mitambo, Amuge alikuwa ameshamenya mihogo, ameikata vipande vya urefu wa kidole na kuitia chumvi. Jiko lake lilikuwa mbele ya geti la kiwanda cha chokaa, upande ule ambako mwamba wa Tororo unaonekana wote. Mafuta yalikuwa bado hayajapata moto, na Amuge hakaangi mihogo kwenye mafuta ya uvuguvugu. Inayanyonya, mlaji anaumwa tumbo, halafu inasemwa wanawake wa Kiteso hawajui kupika.

"Nipe ile ya chini, mama," alisema Elphas. "Au ya chini ni ya jana?"

"Mkenya, kwangu hakuna ya jana. Ya jana mnauziana huko kwenu."

Elphas alicheka, akala amesimama. Alikuwa wakala wa mitambo ya viwandani, mtu mpole, viatu vyake vilipakwa rangi hata nyayoni. Alimweleza Amuge kwamba kiwanda kinataka kujua muda wote chokaa imefika wapi ndani ya silo, lile pipa la zege lililoipita mivule kwa urefu. Chokaa ikikaribia mdomo, ukanda unaoipandisha ujizime wenyewe. Ameleta mitambo minne ya kupima umbali, na meneja atachagua mmoja.

"Siku hizi wanapimaje?" aliuliza Elphas.

"Kwa kamba yenye chuma mwishoni. Unaitupa, ikilegea unajua imegusa. Ilikuwa kazi ya mume wangu."

"Ameacha?"

"Yumo ndani bado."

Elphas aliitikia kwa kichwa, akalamba chumvi mkononi. Wake wengi wa watu wa viwandani husema hivyo.

Lakini Amuge alisema jinsi mambo yalivyo. Mvua za vuli zilizotangulia, chokaa iliganda ndani ya silo ikawa kama dari, na chini yake pakabaki tupu. Msimamizi alimwambia Oboth ashuke aivunje kwa mti. Oboth aliomba kamba ya kujifunga kiunoni. Kamba ilikuwa moja, na saa ile ilikuwa inatumika kupima. Alishuka bila kamba, dari ikamkubali kidogo, kisha ikamwachia aanguke ndani. Chokaa ya siku ile ilitoka kama kawaida, ikaenda kupaka kuta za watu hadi Mbale.

Kiwanda kilisema Oboth ameacha kazi, amevuka Busia, ana mwanamke Kenya. Amuge alipanda basi akaenda kuuliza sokoni. Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, walimtazama kwa huruma. "Wanaume wanaotoroka wote wanapitia hapa," walimwambia. "Tunawajua mpaka viatu. Wako hakupita."

Sasa kwa Wapadhola, watu wa Oboth, mtu asiyeonekana mwili wake haachwi hivihivi. Linatafutwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu. Linaoshwa, linavikwa sanda, linazikwa nyumbani kwa jina lake. Amuge alikuwa nalo tunda, amelilaza juu ya mkeka wa Oboth, upande wa ukutani alikopenda kulala. Lakini shemeji yake Owor, mkubwa wa nyumba ile, alikataa.

"Mke wetu, ukizika tunda la mtu aliye hai, umemuua. Kazini kwake wanasema yu hai. Waseme amekufa, nami nitachimba kwa mikono yangu."

Basi Amuge alihamishia jiko lake getini, apate kuwauliza kila siku. Kila siku walinunua mihogo, wasijibu.

Juu ya silo, Elphas alianza na jicho la umeme, linalotupa mwanga na kusoma unaporudi. Mshale wa kipimo ulionyesha chokaa iko karibu sana. Meneja alichungulia, akaona iko mbali, na kati ya chokaa na mdomo yuko Oboth, amesimama na shati lake la kazi. Mwanga ulikuwa unarudi kutoka begani kwake.

"Linasumbuliwa," alisema meneja. "Lete mwingine."

Wa pili ulikuwa mtambo wa kamba, kama wa zamani ila unavutwa na mota. Chuma kilishuka, kikakaa huko, na kiliporudi kilikuwa kimefungwa upya kwa fundo zuri kuliko la kiwandani. Oboth hakupenda fundo bovu.

Wa tatu ulikuwa wa sauti. Unalia tiki, unasubiri mwangwi, unahesabu umbali. Mwangwi ulichelewa, kwa sababu Oboth aliuzuia kwanza aulize jambo. Ulipofika, ulisema kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao: Amuge yuko getini?

Mchana Elphas alishuka kwenda kula.

"Mumeo anakusalimu," alisema.

"Umemwuliza kama amekufa?"

"Sikuuliza, mama. Si adabu kumwuliza mtu hivyo siku ya kwanza."

Amuge aliepua karai, akafunika mihogo kwa gazeti, akaingia getini na kijiko chake cha matundu mkononi, mafuta yakidondoka. Askari wa geti alimfahamu, tena alifahamu kile kijiko. Alisogea. Amuge alipanda ngazi zote za chuma kwa taratibu, akipumzika anapotaka, Elphas nyuma yake, hadi juu alipokuwa meneja.

"Baba Awino," aliita mbele ya mtambo wa sauti, maana ndivyo alivyomwita tangu walipopata mtoto. "Umekufa, hukufa?"

Mtambo ulilia tiki. Mwangwi ukarudi: Nimekufa. Ila hakuna aliyekuja kupokea zamu.

Amuge alimgeukia meneja. "Bwana, umesikia kwa masikio yako. Basi sema na wewe. Sema Oboth alifia humu, nimpeleke neno hilo shemeji yangu."

Meneja alifuta miwani yake. Vumbi la chokaa halifutiki mara moja.

"Kwetu sisi Oboth alivuka Busia," alisema. "Na mtambo huu hatujaununua bado. Maneno yake si ya kiwanda."

"Ununue basi."

"Siwezi kununua mtambo unaojibizana na watu."

Ukabaki wa nne. Ulikuwa fimbo ndefu ya chuma inayoning'inia ndani na kuhisi kwa umeme chokaa imeipanda hadi wapi. Oboth, ambaye siku zote alijaribu kila kifaa kipya, aliikumbatia kwa mikono miwili. Mshale ulionyesha chokaa ilipo, sawasawa kabisa.

"Na yeye?" aliuliza meneja. "Mbona haumwonyeshi?"

Elphas alimtazama Amuge, halafu akatazama sanduku lake. "Mtu aliye hai ungemwonyesha, bwana, ana maji mwilini. Aliyekauka ndani ya chokaa, unamhesabu kuwa chokaa."

"Huohuo," alisema meneja.

Jioni Elphas alipita getini. Hakuomba mihogo, lakini alisimama pale.

"Umeuza?" Amuge alimwuliza.

"Nimeuza, mama. Ni kazi."

"Na mimi ni kazi. Leo kwangu hupati."

Amuge alikwenda kwa Owor akamweleza. Owor alisikiliza hadi mwisho, akachokoa meno.

"Kwamba amesema mwenyewe? Marehemu hajitolei ushahidi, mke wetu. Angekuwa anaweza, kila mlevi angezikwa."

"Sawa," alisema Amuge. "Nyumbani mmekataa, kazini wamekataa. Nitamzika katikati yenu."

Aliliosha tunda la mwegea kwa maji ya moto, akalivika shati la Oboth la kanisani, akafunga vifungo vyote hata cha shingoni. Akaazima jembe. Kwa desturi mwanamke hachimbi kaburi, kwa hiyo watu walikuja kutazama, na walipoona anachimba vizuri wakamletea sururu. Alichimba mbele ya geti, pale malori yanapokatia kona, akamlaza mumewe kichwa upande wa nyumbani, akafukia, akapapasa udongo kwa viganja.

Owor alifika mwishoni, kofia mkononi. "Sikuja mazishini," alisema. "Nimekuja kununua mihogo." Alichukua donge la udongo, akalitupa juu ya kaburi, akanunua mihogo.

Kiwanda kilileta tingatinga, kikasawazisha. Asubuhi tuta lilikuwa limeinuka palepale, na alama za viganja juu yake. Wakasawazisha tena, likainuka tena. Mwishowe walimwita Elphas, wakanunua lile jicho la umeme walilolikataa, wakalifunga kwenye nguzo ya geti. Lori likikaribia tuta, taa nyekundu inawaka na dereva anazunguka. Kazi hiyo jicho liliifanya bila kosa. Silo nayo haikufurika tena, na anayetaka kumwona Oboth humo anachungulia tu, yupo. Hakuna aliyepokea zamu. Kamba bado ni moja.

Siku moja dereva mgeni alisimamisha lori taa ilipowaka, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hapa pana nini?"

"Zunguka. Unamkanyaga mume wangu."

"Amefariki?"

"Kiwanda kinasema yuko Busia."

Dereva alifikiri. "Mimi natoka Busia. Sijamwona."

"Najua," alisema Amuge, akageuza mihogo. Mafuta yalikuwa yamepata moto sawasawa.