Mbembelezeni Mwenzenu

Mjane aliifikicha kola ya sare kwa mara ya tatu, na maji ya beseni bado yalikuwa mekundu. Ndiyo sare aliyoivaa mumewe siku aliyokufa. Mtunza stoo wa kambi alikuwa ameikataa asubuhi: "Mali ya serikali haipokelewi chafu, mama."

Koplo alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alitumwa kuchukua sare, mkanda na ufunguo. Chumba chenyewe alikijua ndani nje: familia mbili, pazia moja katikati. Upande wa pili wa pazia alilala yeye na mkewe. Tuseme alijilaza, maana usingizi ulimpa talaka tangu ajali ya basi la shule, yeye na marehemu walipookota watoto kwa mablanketi.

"Shemeji," mjane alisema bila kuinua uso, "ofisini wanasema hakuwahi kusema kama anaumwa. Kwa hiyo mafao sina, na chumba nitoke kesho. Nyinyi mlikuwa mstari mmoja. Kweli hakusema?"

Marehemu alikuwa amesema. Kwenye gwaride afande aliuliza kama kawaida, "Kuna mwenye shida?" Wakaitikia kama kawaida, "Hakuna, afande." Mmoja tu akatoka mstarini.

"Mimi, afande. Silali. Nawasikia wale watoto."

"Asiyelala ni mtoto mchanga," afande alisema. "Haya, mbembelezeni mwenzenu."

Kikosi kizima kikaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, beti zote, naye amesimama kikakamavu, macho mbele. Wengine walicheka hadi machozi. Koplo hakucheka. Aliimba tu. Wiki hiyohiyo mwenzao akajipiga risasi lindoni.

"Shemeji, nakuuliza wewe."

Nyuma ya pazia, mke wa koplo alikuwa akikoroga chungu. Mwiko ukanyamaza. Anayemshtaki afande naye hukabidhi ufunguo wa chumba, na koplo alikuwa na watoto watatu.

"Pale mstarini kuna kelele, shemeji," alisema. "Mtu hasikii vizuri."

Mjane akamtazama kidogo, akarudi kwenye kola. Mwiko nao ukaanza tena.

Mtoto wa mjane akalia kitandani. Mjane akainua mikono iliyojaa povu.

"Basi nishikie huyu. Mwimbie, atatulia. Baba yake ndivyo alivyomzoesha."

Koplo akampakata, akafungua kinywa. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho. Akausubiri wimbo, akausubiri, kisha akaendelea kulia.