Mchoro Uliotundikwa Ukutani

Mchoro wangu wa kwanza wa nyumba ulikuwa umetundikwa sebuleni kwetu, ndani ya fremu yenye kioo, kati ya saa ya ukutani na picha ya Makka. Baba alikuwa akiwaonyesha wageni. "Binti yangu alichora hii na mkono yake," alikuwa akisema, wageni wakitikisa vichwa, na mimi nikitamani kuvua kiatu nikipasue kile kioo. Maana nyumba yenyewe ilikuwa ikijengwa bila mtu hata mmoja kuutazama mchoro huo.

Naitwa Rukiyah. Nasomea ujenzi katika chuo kimoja mjini Tororo, mwaka wa pili: kuchora na kupiga hesabu za nyumba ndogo za matofali na zege. Baba yangu, Mutwalibu, ana malori mawili yanayovuka mpaka hapa Busia, na ni yeye aliyeng'ang'ania nisome kazi hii wakati shangazi zangu wote wananicheka. Kwa hiyo aliponiambia nimchoree duka lenye ghorofa moja na roshani inayotazama barabara, nilichora kwa wiki tatu. Nilifuta, nikachora tena. Kila nondo, chuma cha kulazwa ndani ya zege, niliipa urefu wake na mahali pake.

Baba akaichukua karatasi, akaipeleka kwa seremala, ikarudi na fremu. Ujenzi akampa Mjomba Twaibu.

Mjomba Twaibu ni kaka wa mama. Amejenga maduka mengi ya mji huu, pande zote mbili za mpaka, na sijawahi kumwona ameshika karatasi ya ramani. Simchukii. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu ningemchukia mambo yangekuwa rahisi.

Ijumaa moja nilirudi kutoka chuoni, nikapanda ngazi ya mbao kwenda kuangalia. Kesho yake ndiyo zege la roshani lingemwagwa. Mbao za kulishikilia zilikuwa tayari, zimeinuliwa kutoka chini kwa miti ya mkaratusi. Nondo zimepangwa, zimefungwa waya, nadhifu kabisa. Na zote ziko chini. Zimelala karibu na mbao, pale pale ambapo hazina kazi yoyote.

Mwalimu wetu, Madamu Ariokot, alitufundisha jambo hilo kwa muhogo mbichi. Aliushikilia ukingoni mwa meza, nusu mezani, nusu hewani, akaukandamiza ncha mpaka ukapasuka. Akatuuliza umepasukia wapi. Juu, karibu na meza. "Basi nondo hukaa pale zege linapotaka kupasuka," akasema. "Sakafu iliyoshikwa pande zote hupasuka chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, hupasuka juu. Mkisahau mengine yote, msisahau muhogo."

Nilimkuta Mjomba kwenye meza ya mama, chini ya roshani hiyo hiyo. Mama yangu, Habibah, huuza chai na mandazi hapo mbele ya jengo, na kivuli cha roshani ndicho alichoahidiwa.

"Mjomba, nondo za roshani umeziweka chini. Zinatakiwa juu."

Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho "nakaa" ni "anakaa". "Injinia amefika! Sasa mwenye kubeba nakaa wapi? Nakaa chini. Mzigo nakaa juu. Hata punda najua hii."

"Roshani si punda, Mjomba. Zege litapasuka juu, kwenye ukuta."

"Mimi najenga miaka ishirini na tano. Balkoni ngapi? Imeanguka ngapi?" Akageukia watu waliokuwa wakinywa chai, maana Mjomba hawezi kubishana bila wasikilizaji. "Balkoni ya nyumba yangu mwenyewe, ng'ambo ya mpaka, nabeba watoto ya madrasa kila Jumamosi. Watoto ishirini! Sumayah nawasomesha hapo juu. Imeanguka?"

Sumayah ni mke wake. Watu wakacheka. Nikamfuata baba, nikamweleza habari ya muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba siwezi kumwaibisha mjomba wangu mbele ya vibarua wake. Upole ule uliniuma kuliko kofi.

"Basi ulinisomesha wa nini?" nilimuuliza. "Ili nikuchoree picha za ukutani?"

Akachukua funguo za lori, akatoka.

Asubuhi zege likamwagwa. Nililia kwa hasira nyuma ya jiko letu, hatua chache kutoka dukani, nikanawa uso, kisha nikachukua karai nikapanga foleni na vibarua. Niliomba makarai machache ya zege lile lile. "Mpe, mwache acheze," Mjomba akasema. Nikatengeneza vibao viwili, kila kimoja urefu wa hatua moja na ushee, unene wa vidole vitatu. Kila kimoja nikakitia nondo tatu nyembamba, zile za kufungia nguzo. Cha kwanza nikaziweka chini, kama alivyofanya yeye. Cha pili nikaziweka juu. Nikamwomba mama avimwagilie maji kila siku kama roshani itakavyomwagiliwa, zege likomae, nami nikarudi Tororo.

Jumamosi ya wiki ya nne ndiyo siku waliyopanga kuondoa miti. Jumapili yake kungekuwa na dua ya kufungua nyumba, na baba alikwishapanga wazee waketi roshani, watu wote barabarani wawaone. Nilifika Ijumaa. Alfajiri nikavilaza vile vibao juu ya ukuta mfupi nyuma ya jiko, nusu ukutani, nusu hewani, nikalundika matofali ya saruji juu ya ile nusu ya ukutani mpaka mgongo ukaniuma. Kisha nikaenda mbele ya duka, nikaketi katikati ya miti ya mkaratusi.

Mjomba alipokuja na nyundo alinikuta hapo.

"Toka, Rukiyah."

"Sitoki."

"Mutwalibu! Kuja toa mtoto yako hapa!"

Baba akaja mbio. Watu walianza kusimama barabarani, na yeye hapendi kutazamwa. Akaniita jina langu mara mbili. Nikamwambia kwa sauti ambayo binti hapaswi kuitumia kwa baba yake: "Mti wa kwanza ukiondoka, unaondoka mimi nikiwa chini. Au njooni nyuma ya jiko mkaangalie vibao vyangu. Ikiwa nimekosea, mchoro wenu nitauchoma mwenyewe na chuoni sirudi."

Ni mama aliyekata shauri. Alifuta mikono kwa leso yake akamwambia kaka yake, "Twaibu, wewe naogopa nini? Ni maji tu na matofali. Twende."

Wakaja. Nikatundika jerikani moja la lita ishirini kwenye ncha ya kibao cha Mjomba. Kikatulia. Mjomba akatabasamu. Nikatundika la pili. Kikatulia bado, naye akaanza kusema neno la kunitania. Nikatundika la tatu. Kabla sijaachia mkono, kibao kilikatika, majerikani yakaanguka na maji yakaturukia wote miguuni. Nondo zikabaki zimening'inia chini, zimepinda, hazikusaidia kitu.

Nikachukua majerikani, nikayajaza tena, nikaongeza la nne, nikayatundika yote kwenye kibao cha pili. Kiliinama kidogo. Kikatoa ufa mwembamba kama uzi, juu, pale kinapotokea ukutani. Lakini kilishika. Tulisimama tukikitazama, na bado kilishika.

Mjomba Twaibu aliinama akaupapasa ule ufa kwa kidole.

"Hii laini," akasema, akiufuata mstari wa ufa. "Hii laini mimi najua."

"Unaijua vipi?" baba akamuuliza.

"Iko kwa balkoni yote nimejenga. Hapa hapa, kwa ukuta. Mimi nasema ni saruji nakauka tu." Akaondoa kidole. "Naziba. Ya kwangu nimeziba mara mbili. Mwezi huu imerudi."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nilikuwa nimeyatunza kwa wiki nne, makali, kila moja nimelinoa. Yeye alikuwa ameshatoa simu.

"Sumayah. Watoto wako wapi?" Uso ulimbadilika. "Juu? Wote? Sikia mimi. Usipige kelele. Waambie wafunge kitabu. Wasikimbie, wasiruke. Mmoja mmoja. Sumayah, wewe simama mlangoni, ndani. Mmoja mmoja."

Aliweka simu kwa sauti ya juu, akaishika mbele yake. Tukasikia Sumayah akiita majina, viatu vidogo vikiburuzwa sakafuni, mtoto mmoja akicheka. Mama aliziba mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa nahesabu. Kumi na saba. Kumi na nane. Wa kumi na tisa alirudi kuchukua ndala zake, na Sumayah akamkaripia, na Mjomba akafumba macho. Kumi na tisa. Ishirini.

"Wameisha," Sumayah akasema. "Kuna nini?"

Mjomba aliketi chini kwenye tope la maji ya majerikani yangu, mtu mzima, na kanzu yake. Nilimtazama nikatafuta huruma moyoni, nikakuta hasira tu: juu yake, juu ya baba, juu ya kila aliyecheka kwenye ile meza ya chai.

"Ile karatasi yako," akaniambia bila kuinua kichwa. "Nataka kuona vile uliweka nondo."

"Iko ukutani," nikasema. "Kwenye fremu. Baba ameipigilia misumari."

Baba alitazama kibao kilichokatika, kisha akanitazama mimi. Akaiokota nyundo ya Mjomba, akanipa.

"Vunja kioo," akasema.