Kaya Thelathini na Nane Zinazoamka Saa Mbili na Nusu

Mtaani walimwita Chapchap, na jina hilo lilimkaa vizuri mpaka siku ya mkutano. Kazi yake ilikuwa udadisi: kupita nyumba kwa nyumba na dodoso kwapani, akiuliza watu wanaamka saa ngapi, wanachota maji lini, wanapikia nini, na umeme ukikatika wanakula nini. Majibu yaliingia kwenye kompyuta ya mtafiti mmoja ambaye wadadisi walimwita Daktari akiwepo, na Mama Modeli akishageuza mgongo. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na mtaa wao mzima, ila wa vidoti. Kila kidoti kaya moja. Vidoti viliamka, vikachota, vikapika, vikanuna giza likiingia, vyote kwa kufuata walichosema watu kwenye dodoso.

Vidoti havikuletwa kwa mchezo. Transfoma ya mtaa ilikuwa moja, na pampu ya maji na mashine ya kusaga unga zikiwashwa pamoja, inazima na kuwaachia wote giza. Lazima moja ingoje nyenzake. Ipi ingoje, na saa ngapi? Hilo ndilo swali ambalo modeli, yaani mtaa huo wa vidoti, iliulizwa.

Chapchap alipewa kaya sitini. Ishirini na mbili alizizungukia kwa miguu yake, akapiga hodi kwa adabu zote. Kisha michuano ya mpira ikaanza, na mechi, kwa bahati mbaya ya taaluma, zilichezwa mchana. Kaya thelathini na nane zilizobaki alizitembelea akiwa amekaa kwa kinyozi, jicho moja kwenye televisheni. Hakutunga, alijiambia. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. Unaamka saa ngapi? Saa mbili na nusu. Asubuhi unakula nini? Chai na mkate wa dukani. Ukiamka unaanza na nini? Kuchaji simu. Kwa mtindo huo bibi wa miaka themanini na seremala mwenye watoto saba wakageuka makapera wavivu, na timu yake ikafungwa mawili bila.

Dodoso la ishirini na tatu lilikuwa la shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Bado Chapchap alilala chumba chake cha uani, bado alikula chunguni mwake. Shangazi alikuwa anawapikia chai na maharage mafundi wa gereji, na ili wawahi kula kabla ya kazi, saa kumi alfajiri yeye yuko bombani. Kila siku Chapchap alizisikia ndoo zake, akavuta blanketi masikioni.

Ratiba ya majaribio ikatoka: alfajiri umeme uende kwenye mashine, pampu iwashwe saa mbili, "wakati wakazi wanapoamka." Kwa mwezi mzima shangazi akawa anateremka kisimani bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Maharage yakachelewa. Mafundi, ambao njaa yao haina subira, wakahamia kwa mpishi wa ng'ambo ya barabara. Jikoni benchi likabaki na paka.

"Wewe si unafanya kazi na wale wa kompyuta?" shangazi alimwambia. "Waambie basi, baba."

"Nitawaambia, shangazi." Hakuwaambia. Alianza kula kidogo, kwa sababu kila kijiko kilipanda na maji ya bondeni.

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa. Hapo ndipo ingeamuliwa ratiba iwe ya kudumu au ifutwe. Shangazi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Daktari, sisi wapishi tunaumia. Maji tunayahitaji alfajiri."

Mama Modeli hakuwa mtu mbaya. Alibofya bofya kompyuta yake, uso ukionyesha kusikitika kweli. "Mama, nakuelewa. Lakini tulikuuliza, ukatuambia unaamka saa mbili na nusu. Jambo la kwanza, unachaji simu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Mama maharage mzima!" alifoka fundi mmoja. "Kumbe sisi tulikuwa tunapikiwa na mzimu?"

"Mimi?" Shangazi aliangalia huku na huku. "Simu yangu yenyewe ina tochi tu." Kisha akamwona Chapchap, aliyekuwa amekaa kando ya meza ya watafiti, shingo imezama kwenye kola kama kobe. Akamtazama. Akaendelea kumtazama. Kicheko kikafifia, na Chapchap akaona usoni mwake jambo zima likieleweka, polepole, kama maji yanavyopanda ndani ya ndoo.

"Basi," alisema shangazi, sauti imeshuka, "labda nilisema mimi. Utu uzima huu. Nisameheni, Daktari." Akakaa chini, akajifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Kama hakuna mwingine," Mama Modeli akasema, "tupige kura."

Mikono ikaanza kupanda. Chapchap akajikuta amesimama, miguu ikitangulia akili.

"Hakusema. Sikumuuliza." Aligeukia ukumbi. "Sikuuliza kaya thelathini na nane. Hao wa saa mbili na nusu wote ni mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka, na angetamani wacheke. Mama Modeli alifunga kompyuta taratibu. "Mwezi mzima," alisema, "nimeutawala mtaa kwa usingizi wako." Akatangaza kura haipo tena, pampu irudi alfajiri kuanzia kesho, na kaya zote sitini ziulizwe upya, na mtu mwingine. Akanyoosha mkono, Chapchap akavua kitambulisho shingoni, akampa.

Nje, alimkimbilia shangazi aliyekuwa anatembea peke yake, kikapu mkononi.

"Shangazi, kesho maji alfajiri. Mafundi watarudi."

"Labda. Wameshazoea kule."

"Kwa nini ulinisitiri?"

"Nilidhani utaniacha niaibike mpaka mwisho," alisema bila kusimama. "Nikaona heri niaibike haraka."

Chapchap akanyoosha mkono ampokee kikapu. Shangazi akakihamishia mkono wa pili, akaendelea na safari.