Harage Jekundu

Kila Jumamosi, baada ya kufua nguo na kupasua kuni za wiki, wanafunzi wa darasa la tisa na la kumi walikusanyika bwaloni kwa ajili ya Saa ya Kufikiri. Shule ilikuwa juu ya kilima, kushoto mwa barabara itokayo Njombe kwenda Makambako, mahali ambapo upepo wa Juni huwafanya hata walimu wafundishe mikono ikiwa makwapani. Aliyeianzisha Saa hiyo, mwaka 1953, ni Mwalimu Manase Mgaya. Shule ilikuwa tayari na kwaya, iliyoalikwa mpaka Kidugala, na ilikuwa na useremala na mpira. Mwalimu Manase alisema hayo yote ni mazuri, lakini mtu anaweza kuimba vizuri, kuranda mbao vizuri na kufunga mabao, na bado asiwe amefikiri tangu Krismasi.

Saa ya Kufikiri ilikuwa mdahalo. Mada iliandikwa ubaoni, wasemaji wawili wakasimama, na kila mmoja akatia mkono kwenye kofia ya mwalimu kuchukua harage. Aliyepata jeupe alitetea mada, aliyepata jekundu aliipinga. Aliloliamini mwenyewe halikuulizwa.

"Ukipewa upande, utetee kama ulizaliwa nao," alisema Mwalimu Manase. "Usipoweza kuyasema maneno ya mwenzako vizuri kuliko yeye mwenyewe, hujamwelewa."

Mwinjilisti Elieza, aliyekuja kufundisha kipaimara, hakulipenda jambo hilo. Alisema vijana wanadanganya Jumamosi na kuungama Jumapili, na siku hizo mbili zimekaa karibu mno.

Mwishoni mwalimu alitaja mshindi, akatoka nje na kupiga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Upande ulioshinda ndio uliokuwa kweli mpaka Jumamosi iliyofuata, kila mahali ambapo kengele ilisikika.

Hilo lilijulikana polepole. Wiki ya kwanza ilishinda hoja kwamba ng'ombe ana faida kuliko lori, na Jumatatu malori yaliyokuwa yakienda Makambako yalisimama chini ya kilima, hayakwenda mpaka yalipofungwa maksai. Madereva walilalamika kidogo, kisha wakatafuta kamba. Wiki nyingine baridi iliishinda njaa kwa ubaya. Siku zote zile hakuna aliyesikia njaa, na mpishi Lukas alilala karibu na jiko lake bila kazi, lakini watu walikwenda kanisani wamejitanda mablanketi, na Mwinjilisti Elieza alihubiri amevaa makoti mawili. Iliposhinda hoja kwamba wazee wana akili kuliko vijana, hesabu za darasa la tisa zilikataa kutoka mpaka aulizwe mzee. Babu mmoja aliyekuwa anarudi kutoka kuchimba viazi alizuiwa langoni mpaka jioni kwa ajili ya sehemu na desimali. Alizimaliza zote, akaomba chumvi.

Watu walizoea. Jumapili baada ya ibada waliwauliza wanafunzi nini kimeshinda, kama unavyouliza bei ya mahindi, wakaenda nyumbani kuipanga wiki. Jumamosi kengele ilipolia tena, kila kitu kilirudi kilivyokuwa, na mwenye maksai wake barabarani akaenda kuwafungua.

Waliochanganyikiwa walikuwa wasemaji wenyewe, na zaidi ya wote Sila Mlowe wa darasa la kumi. Alikuwa ameshinda kwa maharage ya rangi zote mbili, mara nyingi mno. Asubuhi nyingine aliamka ikambidi amuulize Yosefu, aliyelala kitanda cha pili, yeye Sila anaonaje kuhusu ng'ombe.

Mama yake Sila aliitwa Fidelia. Alikuwa mjane, na alilima vinyungu bondeni chini ya shule. Vinyungu ni yale matuta ya kando ya mto yanayolimwa kiangazi, udongo ungali na maji, wakati mashamba ya mlimani yamebaki vumbi. Humo alipata njegere, mahindi mabichi na viazi, na humo ndimo alimomlea Sila. Mwaka huo kampuni ya miwati, miti ambayo gome lake hutumika kutengenezea ngozi, ilichomeka vigingi vya mti kulizunguka bonde; vilima vyote vya jirani vilikuwa vyake tayari. Bwana Shamba aliitisha baraza akasema kwamba miwati ingestawi sana pale, kwamba jambo bado halijaamuliwa, na kwamba watu wasubiri. Fidelia alikwisha kusubiri mambo ya serikali siku za nyuma. Alijaza njegere kikapuni akapanda kilima.

"Kamwene, mwalimu," alisema, akapiga goti mlangoni.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Nimekuja kuomba bonde letu liandikwe ubaoni. Likishinda hapa, Bwana Shamba atalikuta limeshakuwa letu."

Mwalimu Manase aliziangalia zile njegere kwa muda. Alisema mada inaweza kuletwa na mtu yeyote, ila upande huamuliwa na harage. Fidelia hakulishughulikia sana hilo la harage. Alikuwa amemgeukia mwanawe, aliyekuwa ameitwa kuja kumsalimu.

"Umesikia, baba? Utasema."

"Nitasema, mama," alijibu Sila.

Jumamosi ubaoni paliandikwa: Bonde libaki kwa wanaolilima. Sila alitia mkono kofiani, akatoa harage jekundu. Jeupe lilimwendea Yosefu, ambaye alikuwa hodari wa useremala, na ambaye kila aliposimama mbele za watu alianza kukohoa.

Sila alisogea karibu na mwalimu. "Mwalimu, naomba tubadilishane. Ni bonde la mama."

"Tukibadilishana leo," alisema Mwalimu Manase, "basi wiki zote zilizopita tulikuwa tunacheza." Aliisikia sauti yake ikiyasema hayo na hakuipenda, lakini hakuyarudisha.

Mdahalo ulifanywa kwa Kiingereza, kama shule ilivyoamuru. Fidelia, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, alisimama nje ya dirisha na kitambaa chake cha buluu kichwani, kikapu mkononi. Alimwona Yosefu akiinuka, akikohoa, akinyoosha kidole kuelekea bondeni. Yosefu alisema ardhi ni ya anayeishughulikia. Alikohoa, akarudia kwamba ardhi ni ya anayeishughulikia, akasahau hoja ya tatu. Fidelia alimwona ni kijana mwenye tamaa. Alipokinyoosha tena kile kidole, Fidelia alimsonya.

Sila alisimama akiwa amekusudia kusema vibaya. Alianza kwa sauti ya chini, macho sakafuni, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa mbaya kama alivyotaka. Katika sentensi ya pili lilimjia wazo ambalo hakuwa ameliandaa. Lilisema kwamba anayelima mahali kwa sababu mama yake alilima hapo hajapachagua. Amepata bonde kama alivyopata pua, na hakuna mtu anayedai haki mbele ya baraza kwa sababu ya pua. Wazo lilikaa sawasawa, kama kifuniko kwenye chungu chake, na Sila alifurahi. Hapo ndipo alipopotea. Nyuma ya wazo hilo lilikuja jingine, juu ya ngozi na viatu na gome la muwati, na nyuma yake jingine, na yeye akainua kichwa akayasema yote, mikono ikienda, sauti ikijaa bwalo. Wanafunzi walipiga meza. Dirishani, Fidelia aliweka kikapu chini akapiga makofi mpaka kitambaa kikamwanguka.

Mwalimu Manase alimtazama yule mama, akayatazama maharage mawili mezani. Alijua kwamba angeweza kumtaja Yosefu. Alijua pia kwamba kila aliyekuwa bwaloni angejua.

"Upande wa kupinga umeshinda," alisema kwa Kiingereza, akatoka kupiga kengele. Aliipiga taratibu, lakini siku hiyo hapakuwa na upepo, na ilisikika bondeni kote.

"Umeshinda?" Fidelia alimuuliza mwanawe mlangoni.

"Nimeshinda, mama."

Alikishika kichwa cha Sila kwa mikono yote miwili. Alimwachia njegere zote na kumwambia azigawe kwa wenzake, isipokuwa yule mkohozi. Sila alisimama na kikapu akimwangalia anavyoteremka.

Jumapili bonde lilikuwa na miwati. Ilikuwa imekua kabisa, imetoa maua ya manjano, imesimama kwa mistari kana kwamba ilipandwa kabla Fidelia hajaolewa. Alikwenda na jembe, akasimama pembeni, akarudi nyumbani na kuliweka nyuma ya mlango. Jirani yake Dorika, ambaye naye alikuwa na vinyungu mle, alimfuata.

"Si ulisema mtoto ameshinda?"

"Ameshinda. Nilimwona kwa macho yangu."

"Basi sielewi," alisema Dorika.

"Hata mimi sielewi," alisema Fidelia. Walikubaliana kusubiri Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi kila kitu hurudi.

Jumatano Bwana Shamba alipita na watu wa kampuni. Aliiona miwati, akasema hakujua kama mambo yameshafika mbali hivyo. Aliagiza vigingi vya mti ving'olewe na mahali pavyo zijengwe bikoni, nguzo za mpaka za saruji. Zilikauka kabla ya Ijumaa.

Jumamosi mada ilikuwa chai na uji. Mmoja alishinda, kengele ikalia, na miwati ikaondoka. Bonde lilibaki na matuta yake, na njegere zikiwa zimekaribia kukomaa. Bikoni hazikuondoka. Jumatatu kampuni ilimweka mlinzi, Abrahamu, mtu mpole kutoka Tandala, akaonyeshwa mahali miwati ilipokuwa na kuambiwa ailinde. Baadaye walikuja vibarua na mapanga, wakabandua magome pale ambapo hapakuwa na mti, wakayapakia kwenye lori. Lori lilipopanda kilima, matairi yalikuwa yamebonyea kwa uzito. Dorika aliingia kuchuma njegere zake akashitakiwa kwa kuvunja matawi.

Mwalimu Manase hakukaa kimya. Aliandika ubaoni: Bonde halina miti. Aliyepata jeupe alishinda bila taabu, na wiki nzima ilikuwa kweli kwamba bonde halina miti, na mtu yeyote aliyeulizwa alisema hivyo. Abrahamu mlinzi naye alisema hivyo. Alieleza kwamba amewekwa kuilinda miwati, hakuwekwa kuiona. Baada ya hapo mkuu wa shule, Mzungu aliyependa sana kwaya, alimwita Mwalimu Manase akamwomba arudie mada zenye kuwajenga vijana. Alimsifu Sila kwa Kiingereza chake. Alisema kijana kama huyo atafika mbali.

Sila alirudi nyumbani likizo ilipofika. Siku ya kwanza mama yake alimpikia viazi vya kununua. Siku ya pili walikuwa wamekaa nje, bonde likiwa mbele yao, njegere zimekauka na kupasukia kwenye maganda.

"Siku ile ulisema nini?" aliuliza Fidelia.

Sila alimweleza, kwa Kibena, tangu sentensi ile mbaya mpaka mwisho. Alimweleza juu ya pua na juu ya viatu. Fidelia alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Umesema vizuri," alisema. "Ungekuwa unasema na mimi, nisingepata la kukujibu." Baadaye kidogo aliuliza, "Na yule mkohozi?"

"Yosefu? Yeye ndiye alikuwa anakutetea wewe."

"Mimi nilimsonya."

"Nilikusikia, mama."

Fidelia hakulia. Aliona aibu kwa ajili ya Yosefu, akasema zitafutwe njegere mahali popote zipelekwe kwa mama yake. Kisha aliinuka, akamwambia mwanawe amfuate.

Walikwenda mpaka kwenye bikoni, alipokuwa amekaa Abrahamu. Fidelia alimwambia Sila ausemee sasa upande wake. Hapakuwa na harage wala kengele. Sila alisema. Alisema juu ya mikono iliyoyapandisha yale matuta kiangazi baada ya kiangazi, na juu ya udongo unaojulikana kwa jina la aliyeulima. Alisema kwamba hata pua haichaguliwi, na bado hakuna anayeruhusiwa kumkata mtu pua. Alisema vizuri kuliko siku yoyote ya Saa ya Kufikiri. Alipomaliza, Abrahamu alikuwa amevua kofia.

"Hayo ni kweli, kijana," alisema. "Yote uliyosema ni kweli. Ila zungukeni kwa huku, mzee wa kampuni anakuja."

Walizunguka. Njia ilipita kando ya mpaka, jua likiwapiga usoni, na kushoto kwao hapakuwa na kitu ila matuta na njegere kavu mpaka mtoni. Katikati ya njia Fidelia aliinama, akashika kitambaa chake kisinaswe na tawi, akapita, akainuka.

Sila alitazama. Halafu naye akainama.