Uso wa Chiriku

"Huyu si mwanangu," alisema Fundi, akanirudishia karatasi.

Hakupaza sauti. Aliyasema maneno yale kama mteja anayekataa gauni lililokatwa vibaya, na utulivu huo ndio ulionitisha kuliko kilio chochote. Tulikuwa tumesimama ndani ya kibanda chake cha kushonea, vitambaa vimemwagika sakafuni, mlangoni watu wamesongamana wakichungulia. Mtoto wake hakuwa ameonekana tangu asubuhi, na sasa jua lilikuwa utosini.

Askari aliyekuja kuchukua maelezo alikuwa ameuliza kama kuna picha ya karibuni. Siku hizo simu zetu zilikuwa za kupiga na kupokea tu, basi. Picha pekee iliyokuwepo ilikuwa ya mtoto mchanga aliyefungwa shali, macho yamefumbwa, ambaye angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

"Picha ya nini tena?" Fundi alimjibu. "Si huyu hapa jirani yangu anamchora kila siku?"

Wote wakanigeukia. Nikapanda ngazi mbiombio hadi chumbani kwangu, nikachora nikiwa nimesimama, mkono ukienda wenyewe. Ulikuwa mkono uliouzoea uso ule: mashavu ya mviringo, nywele zilizofungwa mafundo mawili, kicheko kinachojaa uso mzima. Nikashuka na mchoro kabla wino wa askari haujakauka.

"Si mwanangu," Fundi alirudia. "Sikio lake liko wapi?"

Nikaitazama karatasi. Masikio yote mawili yalikuwa yamelala vizuri ubavuni mwa kichwa, kama ya mtoto wa kitabuni. Na ndivyo alivyokuwa: mtoto wa kitabuni.

Kazi yangu ni kuchora vitabu vya watoto, na wakati ule nilikuwa katikati ya kitabu cha msichana anayeondoka nyumbani kwenda kutafuta mahali upepo unapolala. Mhariri alitaka msichana mchangamfu, na mimi sikuwa na haja ya kwenda mbali. Chini yangu, kwenye vyumba vya barabarani, aliishi mama huyo, Fundi, na binti yake wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Urafiki wetu na Fundi ulianza kwa ugomvi. Nilimwaga maji ya brashi dirishani bila kuangalia, yakaenda kutua juu ya gauni la harusi lililokuwa limetundikwa nje lipate hewa. Alipanda ngazi akiwa na mkasi mkononi. Mimi nikajifungia ndani nikizungumza naye kupitia tundu la ufunguo, hadi yeye mwenyewe akaanza kucheka. "Fungua bwana, nitakukata nywele tu." Tulilifua gauni lile pamoja kwenye beseni langu, na kuanzia hapo hakuna siku iliyopita bila mmoja wetu kupanda au kushuka. Nikikwama kwenye mkunjo wa nguo ya mhusika, yeye alikunja kitambaa mbele yangu nione kinavyoanguka. Akikwama kwenye mteja mkorofi, mimi nilimchora mteja huyo akiwa na shingo ya bata, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Chiriku aliniita Mama Rangi. Alikuja kukaa kwenye kiti changu kirefu, miguu ikining'inia, akisimulia mambo ya shule, ya paka, ya jino lake linalocheza, huku mimi namchora. Sikio lake la kushoto lilichomoza nje kuliko la kulia. Katika nyusi yake moja palikuwa na kovu dogo, mahali alipoangukia pembe ya cherehani. Vyote hivyo nilikuwa nimevinyoosha kwenye kitabu, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, bila hata kujua kwamba navinyoosha.

Asubuhi ile walikwenda sokoni kununua vifungo. Fundi aliuachia mkono wa mtoto ili ajaribu zipu, kuipandisha na kuishusha, aone kama inakwama. Alipogeuka, hakuona mtu. Alifikiri amejificha chini ya meza, akainama. Akaita kwa utani, kisha akaita kweli, kisha akaita mpaka wauza vitambaa wakaacha kupima vitambaa vyao. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu.

"Kaa chini," Fundi aliniambia sasa, akanisukumia kigoda cha cherehani. "Mchore hapa, nikuone."

Nikaanza upya. Nikaweka sikio. Nikaweka kovu. Askari akasema inatosha, wakati unakwenda, lakini Fundi akatikisa kichwa.

"Anacheka nini?"

"Nani?"

"Huyo. Unadhani huko aliko anacheka?"

Penseli ikanikwama mkononi. Tangu habari zilipopanda ngazi kunifikia nilikuwa nimejizuia kumwona Chiriku mahali alipo. Nilimwona tu akiwa kwenye kiti changu. Niliogopa, na sioni aibu kusema, kwamba nikimchora akiwa amepotea ndipo nitakuwa nimempoteza kabisa. Kwamba mambo yatakayotoka kwenye ncha ya penseli hayatarudi ndani. Nimechora mamba wenye meno na misitu yenye macho, watoto wakafurahia kuogopa. Sijawahi kuogopa kazi yangu mwenyewe ila siku hiyo.

"Sijawahi kumwona akiogopa," nikasema.

"Mimi nimemwona." Fundi akachuchumaa mbele yangu, akashika magoti yangu. Mikono yake ilikuwa baridi kama chuma. "Akiogopa hasemi neno. Halii. Anaimeza midomo yake, yote miwili, anaibana ndani hivi." Akanionyesha. Uso wa rafiki yangu ukabaki bila mdomo, ngozi tupu iliyokazwa kati ya pua na kidevu, na juu yake macho makubwa yasiyopepesa. Nikamwona mama na nikamwona mtoto kwa wakati mmoja.

"Usigeuze uso," nikamwambia. "Kaa hivyo hivyo."

Nikachora. Nilimaliza, nikamwonyesha, naye akaitazama mara moja tu kisha akatazama pembeni.

"Ndiye," akasema.

Kwenye duka la kutoa kopi, mashine haikuishika penseli. Zilitoka karatasi nyeupe zenye kivuli cha mtoto. Ilinibidi nikae kwenye kaunta nipitishe wino mweusi juu ya kila mstari. Kwa hiyo nilimchora akiogopa mara ya pili, polepole zaidi: sikio, kovu, macho, halafu ule mstari mmoja uliokuwa mahali pa mdomo. Mwenye duka alitoa nakala hadi karatasi zikamwishia, akakataa kusikia habari ya malipo.

Majirani wakatawanyika na gundi. Wengine wakabandika kwenye nguzo na kuta za zahanati, wengine wakaenda kituo cha mabasi na kumpa kila dereva nakala ya kushika njiani. Mimi nilibaki na Fundi, tukizunguka sokoni, tukiuliza watu walewale maswali yaleyale.

Ndipo mtu akaja akikimbia kusema kuna kiatu mtaroni.

Mtaro huo ulikuwa nyuma ya machinjio, mpana, maji yake meusi yasiyoonyesha kina. Watu walikuwa wameshafika na miti mirefu wakichokoa. Fundi alisimama mbali. Alishika ukuta kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyesimama mahali pa juu sana.

"Nenda wewe," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye macho."

Nikaenda. Sijui nilifikaje. Nakumbuka tu kwamba watu waliniachia njia, na hilo lilinifanya nitake kurudi. Kiatu kilikuwa juu ya majani, kidogo, cha plastiki, kimejaa tope. Nilikichukua. Nilijua viatu vya Chiriku. Nilikuwa nimevichora mara nyingi kiasi cha kuvichoka. Lakini pale, na tope lile, sikuweza kukumbuka vilikuwa na mikanda miwili au mmoja. Kichwa kilikuwa kitupu. Nikakisugua kwa kidole gumba, nikasugua, na chini ya tope ikatokea rangi ya buluu.

Chiriku hakuwa na kiatu cha buluu.

Niligeuka nikatikisa kichwa, na Fundi akateleza kwenye ukuta ule hadi akakaa chini. Kiatu nilibaki nacho mkononi. Kilikuwa cha mtoto fulani, na sikujua nikiweke wapi. Mwishowe nilikirudisha juu ya majani, nikakigeuza kisimame vizuri.

Mchana wote uliobaki tulikaa kwenye kibanda. Mtu alileta chai, ikapoa. Fundi aliketi kwenye cherehani, akaanza kushona ukingo wa kitambaa ambacho hakikuwa cha mtu, mguu ukikanyaga bila kusimama, na alipofika mwisho aligeuza akaanza upya. Kila gari lililopunguza mwendo nje, mguu ulisita. Kila lilipopita, uliendelea.

Kiza kilikuwa kinaanza kuingia pale simu ya mwenye duka la kopi ilipolia, maana ni namba yake tuliyoiandika chini ya mchoro. Alivuka barabara bila kutazama magari, simu ameishika mbele yake kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa.

Sauti ilikuwa ya mwanamke anayekata tiketi kwenye mji wa mwisho wa njia, ambako mabasi hugeuzia. Dereva mmoja alikuwa amembandikia karatasi dirishani. "Nina mtoto hapa tangu asubuhi," alisema. "Nimemuuliza jina, hasemi. Nimempa maji, hanywi. Nilidhani ni bubu. Sasa nimemwona hapa kwenye karatasi, huyuhuyu, alivyoficha mdomo."

Fundi alichukua simu. "Mpe," akasema. Tukasubiri. Hakuna sauti iliyotoka upande wa pili, pumzi tu. "Mama anakuja," Fundi akasema kwenye ile pumzi. "Kaa hapohapo. Mama anakuja."

Dereva yuleyule ndiye aliyemleta, kabla sisi hatujapata gari la kutupeleka. Alimshusha mlangoni akiwa amemfunika koti lake. Chiriku alitutazama sote, mmoja mmoja, usoni, kwa muda mrefu, kana kwamba anasoma. Alipofika kwa mama yake hakumkimbilia. Alinyoosha mkono akamgusa shavu kwanza.

Siku kadhaa zilipita kabla hajaeleza, na alieleza kwa vipande. Miezi michache nyuma Fundi alikuwa amenunua jora zima la kitambaa cha kijani chenye maua meupe, akajishonea gauni, hilohilo alilolivaa siku ile, na kwa kuwa kila aliyeliona alilitamani, akawashonea wengine. Pale sokoni Chiriku alishika gauni la kijani lenye maua meupe. Gauni likatembea, naye akatembea. Likapanda basi, naye akapanda, akakaa nyuma yake. Kondakta alidhani ni wa yule mama. Yule mama alidhani ni wa mtu mwingine. Basi lilipofika mwisho, gauni likageuka, na juu yake palikuwa na uso asioujua.

"Nilikuwa nimemshika mama," alisema. "Nilikuwa nimeshika kabisa."

Kijana mmoja wa mtaani alishangaa kwa nini mtoto hakupiga kelele. Fundi aliinuka. Alikusanya mabaki ya jora lile akayapeleka nisikokujua, na gauni lake mwenyewe sikuliona tena.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hatukuzungumza sana kuhusu siku hiyo. Fundi aliendelea kupanda kwangu, lakini nilimwona akipita njia ya mzunguko kwenda sokoni, na nikajua ni kwa nini: uso ule ulikuwa bado kwenye kila nguzo, ukimtazama. Asubuhi moja nilichukua ndoo, sponji na kisu cha kupakia rangi, nikashuka. Alikuwa mlangoni. Hakuniuliza naenda wapi. Alimshika Chiriku mkono, wakafuatana nami.

Tulibandua nguzo kwa nguzo. Karatasi nyingine zilitoka nzima, nyingine zilitoka kwa vipande vidogo, jicho hapa, sikio pale. Chiriku alikuwa ameanza tena kuongea, si kama zamani, ila alikuwa akituhesabia magari. Kwenye ukuta wa zahanati alinyamaza. Mchoro huo ulikuwa umekaa usawa wake, na haukuwa umechanika hata kidogo.

"Mama Rangi," akasema, "huyu ni nani?"

Nilimtazama Fundi. Sikuweza kujua kama mtoto ameuliza kwa sababu hajui.

"Ni mtoto tu," nikajibu.

"Anaogopa nini?"

Fundi alichovya sponji ndani ya ndoo, akaikamua taratibu. "Hamwoni mama yake."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko njiani," Fundi akasema, akapiga magoti, akaanza kuilowesha karatasi kuanzia chini.