Mawimbi Nyuma ya Nyumba ya Mama Joselyne

Ziwa lilipopanda, Mama Joselyne alihama na watoto wake, wakalala kanisani miezi mingi. Maji yaliporudi nyuma, chef wa avenue yetu, yaani kiongozi wa mtaa, papa Albert, alipita nyumba kwa nyumba kuona nani aliguswa, ili apewe kiwanja kule juu, mbali na ziwa.

Alitazama ukuta wa mama, akatikisa kichwa.

"Mama, alama ya maji iko wapi? Ukuta iko safi kabisa."

"Chef, nilipaka udongo mupya sababu ya Noeli. Mi nilijua utakuja kuchunguza ukuta?"

"Bote banasema vile. Nitaambia bakubwa nini?"

Mama akanigeukia mimi, jirani yake, niliyetoka kumaliza masomo ya jiolojia na bado sina kazi. "We mwenye kusomea mawe, sema kitu!"

Kichwani nilikuwa na Mars tu, ambako pia maji yaliondoka zamani.

"Papa chef, ile sayari ya Mars leo ni vumbi tupu. Lakini wataalamu wanasema zamani ilikuwa na mito na maziwa."

"Nani aliona?"

"Hakuna. Mashine ilipiga picha za mawe. Mengine yamesuguliwa na maji hadi yakawa laini, kama yale ya mto Mutambala. Mengine yana alama za mawimbi madogo, zimebaki tangu matope yalipokauka."

Chef alicheka. "Mama anaomba kiwanja, we unamupeleka Mars!"

Lakini nilishakimbilia nyuma ya nyumba kutafuta alama kama hizo. Matope yalipokauka, banda la mbuzi lilianguka, na bati lake likafunika mahali ambapo hakuna aliyekanyaga. Tukalinyanyua, mama na mimi. Udongo mkavu chini yake ulikuwa na mikunjo, mstari baada ya mstari.

"Upepo pia inafanya vile," chef alisema.

"Pitisha kidole, papa. Upepo unasukuma upande mmoja, kwa hiyo mteremko mmoja unakuwa mrefu, mwingine mfupi. Maji ya ziwa yanaenda na kurudi. Pande zote zinalingana."

Alipiga magoti na suruali yake nzuri, akapitisha kidole tena na tena. Kisha akainuka.

"Mama Joselyne, twende uchague kiwanja."

Mama alinishika mkono njia nzima. Tulipofika juu, akauliza, "Na bale ba Mars, maji ilipoisha, balihamia wapi?"

"Hatujui kama kulikuwa na yeyote, mama. Bado wanatafuta."

"Batafute tu," alisema, akiweka jiwe kwenye kona ya kiwanja chake. "Batapata."