Daftari la Wazima

Mwaka 2021, Sydney magharibi ilipofungiwa kwa ajili ya korona, kanisa letu la St Marys lilitafuta mtu wa kupigia simu familia ishirini na mbili kila asubuhi na kuandika hali zao. Nilijitolea kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Kiherehere changu nakijua, ila sijawahi kukiwahi.

Nilinunua daftari la jalada gumu nikachora safu kwa rula: homa, kikohozi, pumzi, hali kwa jumla. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita, tauni ilipousumbua mji huu, wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa na panya. Nikajiona mrithi wao, tena bora, maana mimi sikuhitaji hata viatu. Mke wangu Ornella alisema mrithi huyo angeanza na panya wa gereji yetu.

Nilikuwa na kasi ya ajabu. Nilianza saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na dakika tano nilikuwa nimemaliza, tayari kwenda zamu yangu bohari. Nauliza habari, najibiwa nzuri, naandika nzuri, nabariki, nakata. Ofisi ya afya iliyopokea ripoti zangu ilinitumia barua pepe ya pongezi. Niliisoma mezani kwa sauti, mara mbili, hadi chai ya Ornella ikapoa.

Aliyenichelewesha ni Mama Kyakimwa, mjane kutoka Butembo, Kongo, aliyeishi peke yake mtaa wa Minto. Alijibu polepole, "Muzuri tu, mwana yangu," na kabla hajaendelea nilishasema Mungu akulinde. Jumatatu nzuri, Jumanne nzuri, Jumatano nzuri. Alhamisi nilimsikia akivuta pumzi kama mtu mwenye neno. Nikadhani anataka kunishukuru, nikakata ili kumpunguzia kazi.

Na mimi nimelelewa na watu! Kwetu hata nyumba ikiungua tunajibu nzuri kwanza. Ugonjwa unatajwa baadaye, baada ya habari za watoto, baada ya baridi, ukiulizwa mara ya pili na ya tatu. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua kufunga vifungo vya shati.

Saa nne asubuhi hiyohiyo Thacienne alinipigia nikiwa bohari. Ni Mrundi, anahudumia wazee, na ni jirani wa Mama Kyakimwa. Jana yake alimwachia sufuria ya maharagwe mlangoni. Leo ameikuta palepale. Alipochungulia dirishani akamwona Mama ameketi sakafuni, midomo imebadilika rangi. Ambulensi ilikuwa imeshamchukua.

"Na daftari lako linasema nini, Papa Balthazar?"

"Linasema nzuri."

Alikata simu. Angenitukana ningeshukuru.

Kwa siku nne madaktari hawakujua kama angeishi. Niliogopa, na niliona aibu, na aibu ndiyo iliyoninyima usingizi zaidi, ndivyo nilivyo. Nikaanza kupiga simu kwa utaratibu wa kwetu, nikiuliza na kuuliza tena. Simu ishirini na mbili zikawa zinakula saa tatu, ikabidi nihamie zamu ya mchana, na wagonjwa watano wakajitokeza ambao daftari lilikuwa limewaponya.

Wiki ya tatu Mama Kyakimwa alirudi nyumbani, na asubuhi moja akanipigia mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Pia nilikuwa na siku mbili koo likiniwaka na harufu ya kahawa siisikii, jambo ambalo sikumwambia hata Ornella. Daftari halikuwa na mstari wa mwenye daftari.

Aliniwahi. "Habari yako, mwana yangu?"

"Nzuri, Mama. Nzuri kabisa."

Nikangoja aniage. Hakuniaga. Nilisikia tu pumzi yake ikikwaruza upande wa pili.

"Sijakata," akasema. "Niko nangojea."

Nikavuta kiti, nikaanza na habari za watoto.